Shangazi Akikaa

Saa nne asubuhi, siku ya sherehe ya kiangazi, binti mmoja fundi bomba alibeba matofali sita kutoka nyuma ya nyumba ya baba yake, akayapangusa vumbi na kuyapanga juu ya meza ndefu uani. Juu ya matofali aliweka mitungi mitatu ya kioo yenye koki, ili glasi iingie chini yake bila kulazwa. Mmoja ulikuwa na maji ya limau, mwingine juisi ya nanasi, wa tatu chai baridi yenye majani ya nanaa. Barafu aliitia kwenye beseni la kuogeshea mtoto. Meza aliiweka kivulini, mbali na chakula, foleni mbili zisije zikagongana. Kisha akaandika kwenye kipande cha boksi: JIHUDUMIE.

Yote hayo aliyafanya kwa ajili ya shangazi yake. Miaka thelathini na moja, katika kila sherehe ya ukoo ule, Shangazi ndiye aliyezunguka na sinia la vinywaji. Alizunguka nalo hata kwenye harusi yake mwenyewe. Katika albamu nzima ya familia alionekana mkono tu.

"Leo unakaa, Shangazi," Fundi alimwambia, akamsogezea kiti chenye mto.

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu."

"Mwanangu, kukaa tu si ndiyo kuumwa?"

Lakini alikaa, ukingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Wa kwanza kufungua koki alikuwa mjomba waliyemwita Meneja kwa sababu hakuwahi kusimamia chochote. Limau ikatoka, nyingine ikamwagikia viatu vyake. Shangazi akainuka kumsaidia, na hapo hapo koki zote tatu zikakauka, mitungi ikiwa imejaa hadi shingoni. Fundi alizikagua moja moja. Hazikuwa na kasoro. Shangazi akarudi kitini kumpisha, zikatoka. Akasimama, zikakatika. Akakaa, zikatoka.

"Basi ni hivyo," alisema Fundi, akajifuta mikono.

"Kaa bwana, shemeji, watu tuna kiu," alisema Meneja.

Ikabainika pia kwamba Shangazi akiegemea vizuri, nanasi hutoka kwa kasi. Alipovua viatu, chai ilizidi ubaridi. Alipocheka, mitungi ilijaa upya. Kwa hiyo wakamletea kigoda cha miguu, mmoja akampepea kwa sahani, na wengine wakamzunguka kumchekesha. Haikuwa lazima. Shangazi aliwasimulia jinsi siku ya harusi yake alivyompa bwana harusi soda bila kumtambua, naye akamwambia ahsante dada. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Wengi hawakuwa wakijua kwamba ana maneno ya kuchekesha.

Alasiri ukapigwa muziki wa ujana wake. Mabega ya Shangazi yakaanza yenyewe, kisha akasimama acheze. Watu ishirini waligeuka na glasi nusu.

"Shangazi!"

Akakaa. Akatazama miguu yake.

Fundi aliona. Akaita wanaume wanne, kila mmoja akashika mguu wa kiti, wakamnyanyua hadi juu ya vichwa. Huko juu Shangazi alicheza akiwa amekaa: mabega, shingo, vidole vya miguu. Koki zikajifungua bila kuguswa, watoto wakakinga kwa viganja, bibi mzaa baba akaloa sketi nzima na hakusogea. Kiti kilizunguka ua mara saba. Hakuna aliyekumbuka sherehe tamu kama ile.

Jioni wageni wakiaga, kaka yake Shangazi, baba yake Fundi, alimfuata akiwa ameinamia simu.

"Jumamosi ijayo tuna sherehe ofisini. Utakuja utukalie."

"Jumapili ni kwangu," alidakia Meneja. "Mto ninao."

"Mmemuuliza kama anataka?" alisema Fundi.

Kaka mtu akainua uso kutoka kwenye simu. Kwa mara ya kwanza siku ile, akashangaa.

"Anataka nini? Si kukaa tu?"

Fundi alimgeukia shangazi yake ili ajibu mwenyewe. Shangazi alikuwa bado anatabasamu, jasho la kucheza likimtiririka shingoni.

"Niwahi saa ngapi?" aliuliza.