Mshauri wa Kabla ya Jumamosi

...na huyu wa kwanza ni mchungaji, wachungaji bwana, hata ndani ya kompyuta wametangulia kufika, akawaza Rodah, akavuta kiti mpaka magoti yakagonga meza, picha ilikuwa inashuka polepole, mstari kwa mstari, kipara kwanza, halafu miwani, halafu tai, na kando yake maneno ya Kiingereza kwamba amewashauri wajane miaka mingi na kwamba kila kitu huanza na msamaha, msamaha wa nani sasa, amsamehe nani, mumewe Kipkemoi kwa kufa na kumwachia shamba la chai pamoja na ndugu zake? ama ajisamehe yeye mwenyewe kwa kuzaa msichana mmoja kisha tumbo likafunga?... "Vumilia kidogo, mwalimu," Kepher akasema bila kugeuka, alikuwa ameinama juu ya mashine yake ya fotokopi, mzee mzima mwenye ndevu za mvi, kwao ni upande wa ziwa lakini duka lake la hapa Kericho mjini ndilo pekee Rodah alilolijua lenye hii internet watu wanayoisema mwaka huu wa tisini na tisa, "laini leo iko pole, mvua imenyesha huko Kapsoit, nyaya zikilowa hii kitu inatembea na magoti," na Rodah akaitikia, "Hakuna haraka," uongo mtupu, haraka ipo, Jumamosi ni koito, Jumamosi wataketi na wazazi wa msichana kukubaliana ng'ombe, na yeye atakuwa amekaa upande wa waoaji, yeye, mwalimu wa darasa la nne, mama wa kanisa, anaoa... lo! anaoa mke.

Elmina ndiye aliyemtuma hapa, binti yake huyo mmoja, alikuja kutoka chuoni Eldoret akasikia habari, akalia mpaka akachoka, halafu akanawa uso akasema, Mama, mimi nina hasira, siwezi kukushauri vizuri, ongea na mtu asiyetujua, wako washauri Nairobi, unawaandikia kwa kompyuta wanakujibu, wanakuuliza unataka kufika wapi wanakusaidia kufika, chagua mmoja, lakini chagua kabla ya Jumamosi, na pale mlangoni akageuka, kwani mimi si mtoto, Mama? na Rodah akajishughulisha na kuni, kuni zilikuwa mbichi, moshi ulimsaidia sana siku hiyo... wa pili ni daktari, haya, huyu naye amejaza herufi nyuma ya jina lake mpaka jina limelemewa, anasema safari yote huanzia utotoni, tutarudi pamoja kwenye utoto wako, ah, utoto wangu ulikuwa mzuri, daktari, tulikunywa maziwa tukachunga ndama, hebu uache utoto wangu ulale, shida yangu haikuanzia huko, shida yangu ilianza siku ile ya mursik.

Maana kama si ile mursik, asingekuwa hapa anatazama vipara vya watu, siku hiyo Jonah, mdogo wa marehemu Kipkemoi, alikuja nyumbani Kiptere na wazee wawili, wametoka kanisani moja kwa moja, midomo bado ina nyimbo, wakaketi wakasema yao, mama Elmina, nyumba ya ndugu yetu haiwezi kuzimika hivi, kijana huna, mila iko, oa msichana uweke ndani, watoto wake wataitwa wa Kipkemoi, chai itabaki na mwenyewe, wakamaliza, na Rodah, badala ya kufungua mdomo wake anaofungua kila siku mbele ya watoto sitini, akainuka akaenda jikoni akaleta kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kwa nini? kwa sababu wageni wamekauka koo na maziwa yameiva, basi, adabu tu, akawamiminia, wazee wakatazamana, wakanywa, na Jonah akapangusa masharubu, asante, umetujibu vizuri... nimejibu nini? hapo ndipo alipokiweka kibuyu chini, kwa sababu alijua, bibi yake alimwambia tangu akiwa msichana kwamba jambo kama hilo likiwekwa mbele ya mwenye nyumba, naye akamimina maziwa kabla ya kusema neno, amekubali, alijua na akasahau, usomi umemkula kichwa, na alipokumbuka vikombe vilikuwa vitupu, sasa utawaambiaje wazee, tapikeni? Tangu siku hiyo Jonah hamwiti tena mama Elmina, anamwita mzee, karibu mzee, keti hapa mzee, anampa kile kigoda cha wanaume, na aibu yenyewe, aibu ambayo hata mchungaji huyu wa kompyuta hataambiwa, ni kwamba mara ya kwanza alipoketi pale alisikia raha, ndiyo, raha, walikuwa wanamsikiliza, alisema mbolea imechelewa na wanaume wote wakaitikia kwa vichwa...

"Nakala mbili ama tatu?" Kepher anamuuliza mtu mlangoni, "kitambulisho mbele na nyuma? sema vizuri mzee, karatasi si yangu peke yangu," na mashine inaguruma, taa ya kijani inapita, na kwenye kioo maneno ya wa tatu yametokea kabla ya sura yake, ni mwanamke, jina halijakamilika, sura ni nywele tu na kipande cha paji la uso, lakini maneno yapo, machache, Rodah akayasoma kama anavyosoma insha ya mtoto, akitafuta kosa: sitakuuliza sana shida yako ilitoka wapi, nitakuuliza hivi, usiku wa leo ukiwa umelala shida yako inaondoka, hujui imeondoka kwa sababu ulikuwa usingizini, asubuhi unaamka, ni kitu gani cha kwanza kitakachokuonyesha kwamba imeondoka? Akacheka kwa pua, maswali gani haya, mtu analipwa kuuliza hivi? mimi nikiuliza darasa la nne swali kama hili mkaguzi ataniandikia barua... lakini swali likabaki, lilikataa kwenda, haya basi, asubuhi, ukungu uko juu ya chai, ng'ombe analalamika, unaamka, mguu chini, sakafu baridi, jikoni kuna moto tayari, nani amewasha moto? kijana, si ndiyo, shida ni kijana, weka kijana hapo, akamweka, akampa kaptura na sweta ya shule, lakini kijana hakuwa na uso, alijaribu kumpa pua ya Kipkemoi, ikakataa kukaa, na kijana huyo asiye na uso akamtazama akamwita mzee, akamfuta haraka, toka, toka, akamweka Elmina, Elmina akakaa vizuri sana, ameshika kikapu, anakwenda kupima majani kituoni, karani anaita namba ya shamba na Elmina anaitika, hiyo namba ni yangu, mbele ya watu wote, na Jonah amesimama kwenye foleni nyuma yake kama mkulima mwingine yeyote... uwii, kumbe, kumbe ndicho anachokitaka, kumbe kilikuwa hapa siku zote kama miwani kichwani, anataka mtoto wake aitwe mtoto, ni hilo tu, kitu kidogo hivyo, na moyo ukamruka kwa furaha, kweli, hapa hapa kwenye kiti cha Kepher, lakini moto, moto bado haujapata mwenyewe, Elmina hawezi kuwa kituoni na jikoni, nani amewasha moto?

Janeffer. Hakumwita, alikuja mwenyewe, tumbo mbele, na sweta ya shule ya sekondari iliyokataa kufungwa vifungo, Janeffer ambaye Rodah alimfundisha kusoma, ambaye sasa shule imemrudisha nyumbani na baba yake amemwambia hapa hulali, msichana wa watu ambaye Jonah alimchagua kwa sababu ng'ombe watakuwa wachache, anakuja na mzigo wake, mzee, labda ni kijana tayari, huna hata haja ya kungoja, hivyo ndivyo alivyosema Jonah, kama mtu anayenunua ng'ombe mwenye mimba, na Rodah siku ile walipokwenda kwao kumwona aliangalia chini, na msichana alipoleta chai aliinama karibu na sikio lake akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwako kuna chumba kina mlango wa kufunga?" na Rodah akasema ndiyo, kiko, na msichana akashusha pumzi... Mungu wangu. Kwa hiyo ukisema hapana Jumamosi, mwalimu, ukisema koito hakuna, chai ni ya Elmina, wazee mnisamehe, ilikuwa mursik tu, utakuwa umejiokoa vizuri, umemwokoa na binti yako, halafu huyu analala wapi? Baba yake atampeleka kwa yule mzee wa Kipkelion aliyekwisha kutuma watu kuposa, kila mtu anajua, yule hana chumba chenye mlango, na mila ina mlango mmoja tu wa msichana kama huyu kuingia nyumbani kwako, aingie kama mke, ama abaki nje, hakuna jina lingine, akikaa kwako bila ng'ombe ataitwa nani? mtumishi? mgeni? watu watasema umeiba msichana wa watu bila mahari, Jonah hatakuja tena, kigoda kitarudi kwa wenyewe, na kanisani watakusogelea na maswali yenye sukari... ataitwa Janeffer, akawaza Rodah, kwani ni lazima aitwe nini? atazaa, mtoto atanyonya, atarudi shule, na asiporudi, basi atakaa, kwa sababu ameomba chumba, hakuomba bwana, wala hakuomba mzee Rodah, na katika maneno haya yote, wazee, Jonah, Elmina na machozi yake, mimi na mursik yangu, hakuna aliyemuuliza huyu mtoto anataka nini, mwenyewe ndiye aliyeuliza, na aliuliza mlango tu.

"Umepata wa kuchagua, mwalimu?" Kepher alikuwa amekuja nyuma yake na kikombe cha chai, akainama kutazama kioo, "ah, imekwama," na kweli ilikuwa imekwama, yule mwanamke alikuwa na nywele, paji na macho, mdomo bado, "bado inavuta," akasema Rodah, "niache tu nisubiri," na akaweka mikono mapajani kwa sababu vidole vilikuwa baridi, aogope nini, amepata jibu, si ndilo alilokuja kutafuta? lakini aliogopa, aliogopa kuliko alivyoogopa akipanda ngazi za duka hili, kwa maana alipoingia hakujua anataka nini, Jumamosi ingempita tu, wangepanga wao, naye angemimina maziwa, na sasa anajua, anawataka wote wawili, Elmina shambani na Janeffer nyuma ya mlango wake, na hicho anachokitaka sasa kinaweza kukataliwa mbele ya watu.