Jina la Baba Imakulata

Kasilda alikuwa amechoka, amechoka hata kupewa pole. Tangu mumewe azikwe watu wamekuja, wamekula, wameondoka, na leo wamemsimamisha juani mbele ya soko jipya la Mpanda tangu asubuhi, hata kigoda hakuna.

Mumewe ndiye aliyewaambia wachimbaji wa mgodi wa madini ya risasi wasishike sururu mpaka viboko vikome. Vilikoma, lakini yeye alifungwa, akarudi na kifua kibovu, na mwaka huu wa hamsini na saba kikammaliza. Wachimbaji wakaapa soko litaitwa kwa jina lake. Waliapa pombeni, bwana, na pombeni nani si shujaa?

Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, akaja na mchora vibao. Meneja wa mgodi naye akaja, akasimama pembeni na mikono mfukoni.

"Mmechagua jina gani?" Bwana Shauri aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuombea maji. "Kama hamna, tutaandika la meneja."

Telesphor, mwenyekiti wa wachimbaji, aliyekuwa akinguruma jana, sasa anakagua kucha zake. Kila mmoja aliiogopea kazi yake.

"Mama Imakulata," Telesphor akamnong'oneza Kasilda, "wewe huna kazi ya kufukuzwa. Sema wewe."

Lo! Aseme? Kwao mke hamtaji mumewe kwa jina. Tangu aolewe ni "Baba Imakulata" tu, hata akimwita kula, hata siku alipomlilia maiti. Na Telesphor, mtoto wa hapa hapa, alilijua hilo fika! Kasilda alitamani arudi nyumbani alale. Walimchukua mumewe kwa mikutano, wakamrudishia mgonjwa, na sasa wanataka hata heshima aliyobaki nayo.

Mchora vibao akachovya brashi. "Basi la meneja."

Kasilda akamtazama meneja, yule aliyeamuru viboko. Akinyamaza, kila atakapokuja kununua chumvi atainunua chini ya jina la huyu.

"Leodgar," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Wanawake wakashika midomo.

"Nani?" mchora vibao akauliza.

"Leodgar!" Safari hii aliita kwa nguvu, kama anavyoitwa mtu aliye mbali shambani aje ale. Brashi ikaanza kuandika. Kasilda hakuitazama. Alijikuta amegeuka kuelekea njia ya nyumbani, anasubiri kuitikiwa.