Skrubu ya Mfupa wa Fahali

Watu wengi wanajua skrubu za kufungia kitasa cha mlango. Mimi ninayo moja begani, nayo haijafunga kitu.

Mwaka wa 1996 nilikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, na hapakuwa na mtu Kibirichia wa kunilisha, wala sikumtaka. Nililima viazi. Tulikuwa na kikundi chetu cha wanawake cha kulimiana kwa zamu: leo kwangu, kesho kwa jirani yangu Njoki, keshokutwa kwa mwingine. Sheria ilikuwa moja tu: asiyeweza kuwalimia wenzake halimiwi. Ni sheria nzuri. Wavivu siwapendi hata leo.

Kisha ng'ombe wangu akashtuka joshoni. Kamba nilikuwa nimeizungusha mkononi, kama kila mtu anavyofanya na kila mtu anavyokatazwa. Akaruka, bega likalia, na tangu hapo mkono wangu wa kulia ukabaki kuning'inia. Kikombe niliweza kukifikisha mdomoni kwa kusaidiwa na mkono wa kushoto. Kuinua jembe, thubutu.

Katika hospitali moja ya misheni alinipokea daktari Kiogora. Ni kijana wa huku huku. Mama yake tulikuwa tukiuza viazi pamoja katika soko la Gakoromone. Alisoma mbali akarudi, jambo ambalo wengi hawafanyi, na kwa hilo nilimpenda kabla hajanigusa. Aliniambia kwamba kano, ule utepe mgumu unaoshikilia nyama ya bega kwenye mfupa, lilikuwa limeng'oka. Kulishona angeweza, lakini mfupa haushonwi kama nguo. Uzi unataka kitu cha kufungiwa.

"Wazungu wako na skrubu ndogo ya hiyo kazi," akasema. "Huku hatupati. Kwa hivyo nimechora yangu."

Akaitoa kwenye kichupa. Unene wake ulikuwa kama wa msumari wa mabati, urefu haukufika pingili ya kidole. Kichwani ilikuwa na tundu la kupitishia uzi, na mwili wote umezungukwa na meno madogo madogo, yamebanana, mazuri kuyatazama. Karakana moja ya Nairobi ilikuwa imemchongea kwa kufuata mchoro wake.

"Itashika?" nikauliza.

Akacheka. "Mama Riungu, nilienda kwa bucha nikachukua mfupa ya bega ya fahali. Nikaingiza hii kitu, nikafunga uzi, nikaning'iniza gunia ya waru. Gunia mzima! Ikakaa hapo mpaka nikachoka kuiangalia."

Basi hapo akanimaliza. Sisi watu wa Kibirichia tukitaka kujua kama kitu kina nguvu, tunakipakia gunia la viazi. Ndivyo tunavyopima punda, mkokoteni, hata kijana anayekuja kuposa. Angeniletea habari za vitabu ningesita. Gunia nalijua; nimelibeba mgongoni tangu usichana, ukanda wake ukinikata kipaji cha uso. Nikamwambia anipasue.

Alinipasua, akanifunga mkono kifuani, akaniambia nisiuguse mpaka aufungue yeye. Nilitii kuliko mtoto wa shule. Njoki alikuja kunifulia na kuniwashia moto, na kikundi kikaendelea kunihesabu kwenye zamu, kwa kuwa aliwaambia mvua za Machi zitanikuta shambani. Nami nikawa naota jembe. Wengine huota marehemu wao; mimi niliota mpini mkononi, nikaamka nikiwa na furaha.

Siku ya kufunguliwa, daktari alisimama mbele yangu. "Inua polepole, mama. Bila haraka."

Nikainua. Mkono ulipanda, kweli ulipanda, hadi usawa wa kifua, na nikauona uso wake ukianza kung'aa. Kisha ndani ya bega kitu kikaachilia. Hayakuwa maumivu yaliyonitisha, ni ule wepesi. Mkono ukaanguka.

Alinipeleka kwenye eksirei yeye mwenyewe. Kwenye picha skrubu ilikuwa imelala kando ya shimo lake kama mlevi nje ya baa.

"Uzi umekatika?" nikauliza. Kamba hukatikia pembamba, ndivyo ninavyojua.

"Uzi iko sawa. Hata skrubu iko sawa. Ni mfupa." Alikuwa akiongea na ile picha, si na mimi. "Fahali ya bucha ni kijana. Mfupa yake ni ngumu, hata meno madogo yanaishika. Lakini mama wa miaka yako, hapo ndani ni laini kama mkate. Ilitaka meno kubwa, yenye imeachana, ndiyo ishike nyingi. Nilipima uzito, mama. Sikufikiria huo mfupa ni ya nani."

Nilitaka kumzaba kofi, na mkono wa kumzabia ndio ule. Nikakaa palepale nikalia kwa hasira, mbele ya wagonjwa wengine, na sikujali.

Mvua zilipokaribia nikamwona daktari akipanda njia ya kwangu kwa miguu. Alikuwa na kichupa kingine, na ndani yake skrubu nyingine, meno yake mapana, yameachana vizuri. Nilianza kufungua vifungo vya blauzi papo hapo uani, kwa mkono mmoja, kama mwendawazimu.

"Si yako, mama," akasema, macho chini. "Ile ya kwanza imekula mfupa ikitoka. Na hiyo kano imejivuta ndani, imeisha. Hakuna mahali ya kufunga tena."

"Basi hiyo ni ya nani?"

"Kuna mama mmoja ametoka huko Gachoka, ananingoja hospitali ya Embu. Nimekuja kuomba ruhusa. Nataka kuonyesha madaktari wa huko picha yako, ndiyo wasipime na mfupa ya ng'ombe kama mimi."

Nikamwambia awaonyeshe. Ningesema nini? Mkono wa yule mama nao uanguke? Lakini chai sikumpa. Mwana wa rafiki yangu alikuja kwangu kwa miguu akaondoka bila kunywa chai, na kwetu hilo halisahauliki. Alinishukuru na kwenda zake.

Mvua ikanyesha. Wenzangu wakaja asubuhi na majembe yao, nami nikawa nawangoja mwisho wa shamba, jembe langu nimelishika kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimejizoeza kulima hivyo, vibaya. Njoki alinikaribia akalichukua jembe taratibu. Nilimngoja ataje sheria. Laiti angeitaja, tukagombana.

"Tumekuja kukulimia," akasema. "Wewe pumzika, mama."

Miaka yote Njoki aliniita kwa jina langu, Makandi. Walilima vizuri, mistari imenyooka, kimya, jinsi watu wanavyolima kwenye nyumba yenye msiba. Hakuna aliyenitania, na sisi hatujawahi kulima bila kutaniana. Walikula, wakanisaidia kuosha vyombo, wakaniaga mmoja mmoja. Habari ya zamu ya kesho hawakuizungumza mbele yangu.

Asubuhi yake nilisikia sauti zao ng'ambo ya ua, shambani kwa Njoki. Walikuwa wakicheka, na hakuna aliyekuja kuniita.