Salamu Zilizochujwa

Fundi hakujua kuitikia salamu nusu nusu. Ukimwambia za leo, atakuambia njema, atauliza za nyumbani, za watoto, na kama ule mguu umepona. Dukani kwake, penye cherehani mbili na kioo kirefu, tabia hiyo ilimletea wateja. Kwenye masomo ya ushonaji aliyorusha mubashara mtandaoni ilikuwa balaa.

Kila somo lilianza vilevile. Fundi ameketi mbele ya kamera, kitambaa mezani, chaki mkononi, na kabla hajachora mstari wa kwanza salamu zinamiminika kwenye skrini. Naye anaziitikia moja moja kwa jina. Siku ya somo la kuunga mkono wa koti, muda uliisha mkono ukiwa bado upo mezani, umelala peke yake, na wanafunzi wakaagana kwa furaha bila kujifunza kitu.

"Mama, watu wamekuja kushona," binti yake alilalamika. "Wewe unasalimiana mpaka mwisho."

"Salamu utaiachaje hewani, mwanangu? Halafu unajuaje? Mmoja wao anaweza kuwa mjomba wako."

Kushona kulikuwa kisingizio, na wote wawili walilijua hilo. Fundi alikuwa na mdogo wake wa kiume, tumbo moja, cherehani moja, wamefundishwa na baba mmoja. Miaka mingi nyuma mdogo huyo aliharibu suti ya bwana harusi, na Fundi, kwa hasira, akamwambia mbele ya wateja waliojaa dukani: "Wewe si fundi wala hutakuwa." Kijana akatoka na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Tangu hapo hakuna aliyejua yuko nchi gani. Hasira hasara, wamesema waliosema, lakini husemwa baadaye siku zote. Sasa Fundi alikuwa na matumaini ya kitoto kabisa: dunia nzima iko kwenye simu, basi akikaa kwenye simu vya kutosha, ndugu yake atapita.

Binti aliandikia makampuni programu za kompyuta, akifanyia kazi kwenye chumba cha nyuma cha duka. Aliamua kumtengenezea mama yake mfumo wake mwenyewe wa gumzo, wa kukaa ubavuni mwa matangazo. Alijitesa nao kweli. Herufi alizifanya kubwa, maana macho ya Fundi yalikuwa yameshaliwa na tundu za sindano. Ujumbe uliokuwa ukipita mbio aliutuliza, ukawa unapanda polepole. Matusi yalizuiwa mlangoni. Maswali yalipanga foleni, moja likijibiwa jingine linasogea.

Kisha akaweka chujio. Mfumo ukiona ujumbe wenye salamu tupu, shikamoo, hujambo, mambo, habari za leo, hauupeleki kwenye skrini ya Fundi. Watazamaji wanaendelea kuonana na kusalimiana wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu anaona maswali tu.

"Na mjomba wako je?" Fundi aliuliza kwa wasiwasi.

"Nimeliingiza jina lake lote, Mama. Akiingia kwa jina hilo, ujumbe wake unakaa juu kabisa, hauondoki mpaka uuguse."

Binti aliona amemaliza kila kitu. Kwa akili yake, mtu aliyepotea miaka yote hiyo atakuja na jina lake kamili na maneno mengi. Nani arudi kwa neno moja?

Masomo yakanyooka. Kola zikakaa, mifuko ikashonwa, wanafunzi wakaongezeka. Fundi peke yake ndiye aliyenywea. "Wamekuwa wakimya siku hizi," alisema akikunja kitambaa. "Wananiuliza tu, kama karani." Binti alimwonea huruma, lakini mfumo ulikuwa unafanya kazi vizuri mno kuguswa.

Halafu wakarudia lile somo la mkono wa koti. Fundi alikuwa anapachika pini begani huku akisoma maswali kwa sauti, kama alivyozoea. Foleni ikasogea, likaja swali la mwanafunzi wake mmoja, mama wa mapacha.

"Mwalimu, samahani," Fundi alisoma. "Yule anayejiita Kastabini amekukosea nini? Kila somo anakuamkia na wewe humwitikii. Leo jina lake lipo kwenye orodha lakini hajaamkia. Nadhani amekata..."

Pini ikamponyoka. Kastabini ni kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, na Fundi alimwita mdogo wake hivyo siku alipozaliwa, kwa udogo wake. Jina hilo walilijua watu watatu tu. Mmoja alikuwa baba yao, naye alishazikwa.

"Ni nini, Mama?"

"Ni yeye." Fundi aligeuka, uso umemshuka. "Ameniamkia? Ameniamkia mara ngapi, mwanangu, nami nimekaa hapa nachonga mdomo?"

"Ni mimi," binti alisema. "Chujio langu. Nisamehe, Mama." Akaliondoa, na salamu zikafumuka skrini nzima. Ya Kastabini haikuwemo.

Fundi akaitazama kamera. Mikono yake, isiyojua kukaa bure, iliendelea kupachika pini kwenye koti.

"Kastabini," alisema. "Marahaba. Marahaba za siku zote zile. Sikukuona, mdogo wangu. Wallahi sikukuona."

Gumzo likasimama. Mamia ya watu wasiojua kunyamaza walizuia vidole vyao. Kisha ukapanda ujumbe mmoja, polepole, kama binti alivyoutengeneza mfumo wake, naye akaulaani mwendo huo.

Kastabini: Nilidhani umenikataa.

Kastabini: Bado una hasira na mimi, dada?

"Hasira iliisha jioni ileile," Fundi alisema. "Iliyobaki ni aibu. Aibu ndiyo iliyonizuia kukufuata. Nilikwambia si fundi, mbele ya watu. Ulikuwa uongo, na leo nausahihisha mbele ya watu. Wewe ni fundi. Baba alijua, na mimi nilijua."

Machozi yalikuwa yanamtiririka hadharani. Binti akanyoosha mkono azime kamera amstiri, lakini Fundi alimshika kiganja.

"Usizime. Ukizima nitampata wapi tena?"

Wakangoja. Hatimaye ujumbe ukapanda.

Kastabini: Dada, huo mkono wa kushoto umeupachika kulia.

Fundi akalitazama koti. Kweli kabisa, na mamia walikuwa wanaona. Alicheka huku analia, akaanza kuchomoa pini moja baada ya nyingine.

"Haya, fundi," alisema, akiunyanyua mkono wa koti mbele ya kamera. "Nielekeze."