Wageni Kumi kwa Muhula

Siku Mwatime alipozikwa, friji la nyumbani kwao, katika mji wa Euless, lilikuwa bado na makopo matatu ya aiskrimu yaliyojaa mchuzi wake. Mumewe, Aboud, aliyamaliza kwa wiki moja, kisha akahamia kwenye chai na mkate mkavu. Kila akipigiwa simu alisema ameshiba.

Binti yao, Lubna, aliporudi chuoni Houston alitakiwa kuchagua mpango wa chakula. Alichukua ule mkubwa kuliko yote: kula bila kikomo, pamoja na milo kumi ya wageni kila muhula. Chuo kilikuwa karimu kweli, kimeshawahesabu wageni wa mtu kabla hawajapiga hodi.

Jumamosi moja akamwita baba yake aje kukikagua hicho chakula. Aboud akaendesha gari mwendo wa saa nne. Kwenye mlango wa bwalo Lubna alipitisha kadi yake ya chakula mara mbili, moja yake na moja ya mgeni, wakaingia.

"Aliyepika wali huu kagombana na chumvi," Aboud alisema.

"Kula, Baba."

"Na samaki huyu kaogeshwa tu, hakupikwa. Mama yako angewaonea huruma."

Akatoa mfukoni kichupa cha pilipili, akamwagia. Alimaliza sahani ya kwanza akiilaani, akafuata ya pili, akailaani pia mpaka ikabaki mifupa. Mpango ule Lubna alikuwa amemchagulia baba yake.

Sasa Aboud huja kila baada ya wiki mbili, na kadi imebakiwa na wageni wanne.