Herufi Yenye Mkia

Jumamosi saa tisa alasiri, Skolastika, katibu wa kwaya aliyemaliza chuo mwaka jana, alikuwa anapanga viti kwenye kanisa la kigango, jirani na Karema, kando ya ziwa, alipoona malaika wa tatu kati ya waliochorwa ukutani ameweka ngoma chini. Sasa alikuwa ameshika karatasi ya nota.

Malaika wale walibadilika wenyewe tangu zamani. Enzi za misa ya Kilatini walishika vinubi. Kilatini kilipoondoka na ngoma zikaruhusiwa kanisani, walikutwa Jumapili moja na ngoma na kayamba, na katekista akawapangusa vumbi tu. Umeme ulipofika, mmoja alionekana na kinanda, waya ukining'inia.

Wimbo ulioandikwa kwenye karatasi hiyo kila kwaya ya ziwani iliujua, na mwezi ujao ungechapwa kwenye kitabu cha nyimbo kwa jina la Mwalimu Adolf, kiongozi wa kwaya. Lakini mwandiko ulikuwa wa marehemu Pudensiana, bibi yake Skolastika. Mdomoni mwa bibi l na r zilikuwa kitu kimoja, basi alipoandika nota za do-re-mi kwa herufi, aliandika r kwa re na r kwa la. Ile ya la akaipa mkia. Kwa miaka arobaini, penye mkia kwaya iliimba re.

Mwalimu Adolf alipofika alimshika Skolastika mikono, akamkagua kucha.

"Rangi umenunua wapi, mjukuu wangu?"

"Sijapaka, Mwalimu. Hiyo yenye mkia ni la. Wewe ulinakili re."

"Nyie mliotoka chuo mna mambo. Nani kakutuma?"

"Naomba jina la bibi liandikwe kitabuni, basi."

"Bibi yako alikuwa anasongea kwaya ugali."

"Alikuwa anatunga huku anasonga."

Waimbaji wakaingia. Sauti ya pili iliwashuku besi, besi wakamshuku katekista, katekista akanusa ukuta na kusema hakuna harufu ya rangi. Wakaimba wakifuata ukuta. Penye mkia sauti zilipanda badala ya kushuka, na wimbo ukakaa sawa kama mlango uliorudishiwa bawaba.

"Kumbe ndivyo ulivyokuwa," alisema Mama Specioza wa sauti ya pili.

Mwalimu Adolf alitoa kalamu, akasahihisha nakala yake.

Kitabu kilipotoka, Skolastika alifungua ukurasa wa kumi na nane. Nota ya la ilikuwa mahali pake. Chini yake paliandikwa: *Toleo lililosahihishwa. Mtunzi: Adolf Kassiani.*

Jumamosi hiyo alipanga viti, kisha akampangusa malaika wa tatu vumbi, taratibu, asije akafuta mkia.