Kuliomba Ini Radhi

Kosa alilifanya daktari mwenyewe. Angemwambia Mzee Faleafa kwamba ini lake limejaa mafuta na makovu yameanza, basi, yaishe. Lakini mzee ni msemaji wa baraza la kijiji, na wasemaji hawaridhiki na habari fupi.

"Mle ndani kuna jeni, mzee," Daktari Lagi akajieleza. "Zingine kazi yake kutuliza, zingine kuhimiza seli ziongezeke. Kwako za kutuliza zimenyamaza, za kuhimiza zinapayuka. Bado si saratani, ila tukiendelea hivi tutafika."

Mzee akaelewa vizuri mno. Baraza limeharibika! Wenye busara wamenyamazishwa, wahuni wanatamba. Na aliyeliudhi ni nani kama si yeye, kwa miaka thelathini ya nyama ya kopo na tui zito?

Sasa, pale kisiwani Savaii ukimkosea mtu vibaya hutumi salamu. Unakwenda alfajiri mbele ya nyumba yake, unapiga magoti, unajifunika mkeka wa heshima, unangoja. Akiufunua, umesamehewa. Asipoufunua, shauri yako.

"Uliombe ini radhi?" Mkewe Melesala alicheka mpaka akashika nguzo. "Si unalo tumboni, baba? Jipigie magoti mwenyewe hapo kitandani!"

"Kipande kiko hospitali," mzee akafoka. "Kile walichokichomoa kwa sindano. Hicho ndicho mjumbe wake."

Alifoka kwa sababu alikuwa anaogopa kufa. Siku ya nne hiyo hajalala, mkono uko ubavuni.

Alfajiri akapiga magoti mlangoni pa maabara, chini ya mkeka alioufuma marehemu mama yake. Kulipokucha akawasikia wagonjwa wakijazana. Hakuna aliyeshangaa, waliuliza tu nani kakosewa. Walipoambiwa ni ini, mmoja akaguna, "Kachelewa huyo."

Mlinzi akalalamika kwamba njia imezibwa. Mpimaji wa maabara akaombwa aufunue mkeka, akaruka nyuma. "Mimi? Mimi si wa ukoo wa ini!"

Wakazozana weee. Katikati ya zogo mzee alihisi mkeka ukivutwa kwa nyuma, akadhani ni upepo. Magoti yalimuuma, jasho likamtoka, na moyoni akasema, ini limenikataa, nimekwisha.

Ndipo akaisikia sauti ya Daktari Lagi, binti wa pale pale, aliyejua kwamba hapo hapachekwi.

"Nasimama badala ya ini," akasema. "Nikiufunua, umeapa mbele ya watu wote hawa. Nyama ya kopo, basi. Tui, basi. Na kila siku kwa miguu mpaka kanisani na kurudi."

"Naapa," mzee akasema.

"Naapa," mkeka ukasema tena, kwa sauti ya kike.

Mzee nusura aanguke. Mkeka ukafunuliwa, na nyuma yake alikuwa Melesala, amepiga magoti, macho yamevimba kwa kulia.

"We mwanamke, unatafuta nini huku?"

"Wewe ulikula tu," akasema Melesala. "Aliyekuwa akipakua ni mimi."

Daktari akaukunja mkeka, akawashika mikono wote wawili, wakasimama.